Baba Aliyetaka Kuachwa

Mama alishuka kwenye bodaboda mbele ya chumba ninachopanga Kashaulili, mjini Mpanda, akiwa amekumbatia ndoo ya mahindi, na kabla sijampokea mzigo akaniambia kwamba mashine ya kusaga ya kijijini kwao imekatika mkanda. Nikamwamini. Mashine hukatika mikanda. Nikampeleka kwenye mashine iliyo jirani na soko, tukasaga, nikamwambia apumzike kidogo kabla sijamtafutia usafiri wa kumrudisha upande wa Kakese. Yeye akaketi kwenye kibao cha mama mmoja anayeuza mchicha pale nje, mtu asiyemjua hata kidogo, akaanza kuongea. Akaongea mpaka jua likageuka. Mimi nilikuwa ndani nasahihisha madaftari ya wanafunzi, namsikia anavyocheka, nikakereka kwamba anamchelewesha mwenzake biashara.

Wiki iliyofuata alikuja tena na ndoo yake. Mkanda bado. Wiki ya tatu nikamvuta pembeni dereva wa bodaboda aliyemleta, mtu mzima anayetoka kijiji kilekile, nikamuuliza hiyo mashine ina mkanda wa namna gani usiopatikana Mpanda nzima.

"Mashine inasaga kila siku, mwalimu," akasema, akishangaa kwamba sijui. "Ila haisagi ya kwenu. Nyie si mmetengwa?"

Alisema "nyie", na mimi nikiwemo, ingawa kwa miaka mingi sijalala kule zaidi ya siku tatu mfululizo.

Kwa asiyejua, nieleze. Sisi Wasukuma tuliohamia huku na ng'ombe tulikuja na sheria zetu. Kijiji kina sungusungu, walinzi wake wenyewe, na mkuu wao tunamwita mtemi. Katibu ana daftari, na kila kaya imeandikwa humo kwa jina la baba mwenye kaya. Ukipigwa mwano, yaani ile kelele ya kuitana inayopokewa mji hadi mji ng'ombe wakiibiwa au mtu akivamiwa, kila kaya lazima itoe mtu wa kukimbia. Asiyekimbia anatozwa dume la ng'ombe. Dume linachinjwa, kijiji kizima kinakula, na mkosaji anakaa katikati anakula nao, yanaisha. Akikataa kulitoa, anatengwa. Hapigwi, haibiwi, hachomewi nyumba. Hasalimiwi tu. Hapewi moto, hauziwi chumvi, hasagiwi mahindi, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Anayemsaidia naye hutozwa dume.

Baba alikuwa amekataa kulitoa.

Sikushangaa hata kidogo, na hapo ndipo ilipo aibu yangu, kwa sababu jambo la kwanza nililolisikia kifuani ni fahari. Baba yangu ana neno moja analolipenda kuliko maneno yote ya dunia: niacheni. Alijifunza neno hilo akiwa na umri kama wa miaka kumi na mbili, kule kaskazini, siku lilipokuja lori la kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Nyasi za paa zilishushwa, zikachomwa, watu wakapangwa mstari na kuandikwa. Katika hadithi yote hiyo baba hukumbuka kitu kimoja zaidi ya vingine. Babu alikuwa ameung'oa mlango wake wa mbao, mzuri, aliouchonga mwenyewe, na siku nzima alisimama kwenye uwanja mtupu ameukumbatia, hajui pa kuuegemeza.

Tangu hapo baba anachukia orodha, foleni na mtu yeyote mwenye kalamu. Alipopata ng'ombe wake mwenyewe aliwaswaga kupitia mapori ya Tabora akaja Katavi, kwa kuwa aliambiwa huku mtu anaweza kukaa asisikie mbwa wa jirani. Tulihama mara tatu nikiwa mtoto. Kila watu walipoanza kujenga karibu, baba alikunja uso, akatazama upande wenye miti. Mara ya tatu ng'ombe walikuwa wamepungua na yeye amechoka, akabaki Kakese, majirani wakamzunguka hivyohivyo. Nyumba zote hizo tatu mama ndiye aliyezisiliba kwa mikono yake, na jikoni tatu alizianza upya. Jambo hilo nalitaja sasa. Zamani nilikuwa nikisimulia habari za kuhama kwetu silitaji.

Nilipofika chuo, Dodoma, nilikutana na watu waliokuwa wamemwandikia baba yangu vitabu bila kumjua. Mwingereza mmoja wa zamani sana alisema mtu anamiliki mwili wake, na kile alichokitolea jasho ni chake, na watawala wapo kumlindia hivyo basi. Mwenzake wa baadaye akasema huna ruhusa ya kumzuia mtu kufanya atakalo isipokuwa anamdhuru mwingine. Kwamba unamwonea huruma si sababu. Wamarekani wa juzijuzi wakaenda mbele hadi kusema kodi ni kazi ya kulazimishwa. Hata jina wanalojiita, malibertari, nililifuatilia nikacheka peke yangu maktaba. Lilianza Ufaransa kwa watu waliokuwa hawataki serikali wala matajiri, wanataka mali iwe ya wote. Baadaye likanyakuliwa na watu wanaotaka mali ya mtu isiguswe hata kwa kidole. Neno lenyewe lilishahama kama ng'ombe wa baba.

Tulisoma pia ya kwetu, ujamaa na udugu, mtu na jamaa zake. Niliyasoma nimeuma meno kwa sababu ya ule mlango wa babu. Wenzangu wakitoka kwenye semina wanasifia vijiji vya pamoja, mimi nilikuwa natafuta ugomvi. Niliporudi Mpanda kufundisha uraia nikaanzisha klabu ya mdahalo, na mada zangu zote, ukizichunguza, zilikuwa mada moja: nani alikupa haki ya kumwamulia mwenzio?

Basi Jumamosi ile nikapanda bodaboda kwenda kumpongeza baba.

Nilimkuta anapaka mafuta shoka, uso umenawiri. "Wameniacha," akaniambia, akacheka hadi akakohoa. "Miaka yote nawaambia waniache, hawasikii. Sasa wameniacha wenyewe."

Akanisimulia. Ulikuwa msimu wa kulima, saa sita mchana, majembe ya ng'ombe yako shambani. Mwano ukapigwa upande wa bondeni: ng'ombe wa jirani wameswagwa na wezi. Wanaume wote waliokuwa mashambani wakaacha plau kwenye mtaro wakakimbia. Baba akaendelea kulima. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, udongo ulikuwa laini, na ng'ombe walioibiwa hawakuwa wake. Wale walioitikia walipita kandokando ya shamba lake wakimwita, yeye akageuza plau mwisho wa mtaro akarudi na mtaro mwingine. Ng'ombe walipatikana jioni. Mkutano ukakaa, akatozwa dume, akasema hatoi.

"Mwaka ule fahali wako mweusi alipoibiwa walikukimbilia," nikamkumbusha, kwa sababu nilijua ndiyo hoja atakayopigwa nayo.

"Niliwaomba?"

"Ulipiga mwano, baba."

"Nilipiga kelele. Mtu akiibiwa anapiga kelele. Waliokuja walikuja kwa miguu yao." Akachomeka shoka kwenye gogo. "Mimi sikuwahi kukubaliana na mtu kitu. Nilifika hapa kabla yao, pori tupu. Wao ndio wamenikuta. Wanaokota daftari wananiandika. Nani aliniuliza?"

Nikaona ni hoja safi. Ni hoja ambayo watu wenye shahada tatu wanabishana nayo hadi leo, kama mtu anaweza kufungwa na makubaliano ambayo hakuyatamka. Nikamwambia hivyo, na akafurahi kwamba kuna wazungu wanaofikiri kama yeye. Tulikaa uani tukizungumza uhuru mpaka chakula kikaiva. Mama alileta ugali na mlenda, akaweka, akasimama kidogo kama mtu anayesubiri kuulizwa kitu, kisha akarudi jikoni. Nilimwona akisimama. Nilifikiri anasubiri tunawe.

Nikamwahidi baba kwamba nitamtetea.

Nilichapisha barua kwenye duka la stesheneri Kashaulili, kurasa mbili, na vichwa vya habari vimekolezwa wino. Niliandika kwamba Katiba inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Niliandika kuhusu ridhaa. Jumapili, watu walipotoka kanisani, nikasimama mbele ya mkutano wa sungusungu nyuma ya ghala la mpunga nikaisoma yote, kwa sauti ile ninayotumia darasani wanafunzi wakisinzia. Hawakusinzia. Walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na adabu hiyo ilinitia wasiwasi.

Mtemi ni mtu mfupi, mkulima wa mpunga, amevaa koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Alisimama polepole.

"Mwalimu, tumekusikia. Sasa na mimi nikuulize. Kuna mtu hapa kamgusa baba yako?"

"Hapana."

"Kuna mtu kachukua ng'ombe wake? Kaingia kwenye shamba lake?"

"Hapana."

"Hiyo Katiba inasema mimi ni lazima nimsalimie?"

"Haisemi."

"Mashine ya kusaga ni ya kijiji au ya mwenyewe?"

"Ya mwenyewe," nikasema, na nikaanza kuona ninakopelekwa.

"Sasa mwenyewe akikataa kumsagia mtu, kakosa nini? Baba yako anataka kuwa huru asije kwetu. Sawa, hatumlazimishi. Na sisi tuko huru tusiende kwake. Kaa chini, mwalimu, umechoka na safari."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mimi nilikaa na kurasa zangu mbili mapajani, nimeiva uso. Kilichoniuma si kushindwa. Kilichoniuma ni kwamba jibu lile limo kwenye vitabu vyangu mwenyewe, karibu neno kwa neno, na nimelifundisha: uhuru wa kushirikiana ni pamoja na uhuru wa kutoshirikiana. Mkulima yule hajasoma hata kimoja, akanichapa nacho.

Nusu ya njia, nikiwa nyuma ya bodaboda, jibu likanijia. Mwenye mashine akimsagia baba, naye anatozwa dume! Huo uhuru uko wapi, kama anayekusalimia anaadhibiwa? Nilipiga kelele peke yangu, dereva akadhani nimedondosha kitu akasimama. Majibu yangu mazuri huwa yananijia njiani kila mara. Sijui nimlaumu nani.

Katika wiki hiyo nililipeleka jambo klabuni, bila kutaja kwamba ni nyumbani kwetu. Mzee mmoja amekataa kuitikia wito wa kijiji. Je, kijiji kina haki ya kumtenga? Walibishana vizuri. Upande mmoja ukasema hakuna uhuru kwa mtu asiyekuwa na watu, upande wa pili ukasema umati ni mtawala mbaya kuliko mfalme kwa kuwa hauna mlango wa kugonga. Nilikuwa najivunia. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa haongei, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mzee ana mke?"

Nikamwambia hilo halihusiani na hoja, ajikite kwenye mada. Akakaa. Hata kipindi hakikuwa kimeisha nilikuwa nimemsahau, na leo ningependa kumtafuta nimwombe radhi.

Ijumaa mama akaja na ndoo. Tulisaga, tukarudi, na safari hii hakwenda kwenye kibao cha muuza mchicha. Aliingia ndani, akaketi kitandani kwangu, akavua kandambili.

"Mayu," akaniita, yaani "mama" kwa Kisukuma, kama anavyoniita akitaka nisikilize. "Umekuja mara mbili kumtetea baba yako. Mimi umeniuliza lini?"

"Mama, tunatetea nyumba nzima."

"Nyumba haiendi kisimani."

Akanieleza. Kila asubuhi anakwenda kwenye pampu ya maji, anasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", na wanawake aliokaa nao miaka ishirini wanatazama ndani ya ndoo zao. Wengine wanatokwa na machozi, lakini hawajibu. Baba anashinda na ng'ombe wake, na ng'ombe hawajui kutengwa. Mashine, chumvi, moto, maji, hayo yote ni ya mama kuyatafuta. Yule rafiki yake aliyekuwa akibangua naye karanga kila msimu alikuwa amefariki siku tisa zilizopita. Mama hakuruhusiwa kufika msibani. Alisimama nyuma ya uzio wa minyaa akasikiliza nyimbo.

"Nikifa mimi, ni baba yako na jembe lake," akasema. "Na wewe utasoma karatasi."

Nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza sikujua niielekeze wapi. Kwa baba, aliyeishika kanuni yake huku mwingine amebeba ndoo? Kwa kijiji, kilichomwadhibu mwanamke kwa plau ambayo hakuishika? Nilikuwa na hasira na waandishi wangu pia. Nilizipitia kichwani kurasa zao, na nikaona wote walipomtaja mtu mmoja aliye huru walimfikiria amesimama kwenye shamba lake, ameshiba. Hawakusema nani alipika. Daftari la katibu wa sungusungu limeandikwa vilevile: kaya moja, jina moja. Waandishi na sungusungu walikuwa maadui wa mawazo, lakini walikuwa wamehesabu watu kwa namna moja. Na mimi, mwanamke mzima, mwalimu wa uraia, nilikuwa nimehesabu nao.

"Jumapili njoo unisindikize," mama akasema. "Ila usiongee."

Mama alikuwa na dume lake. Alilinunua likiwa ndama, kwa karanga zake za misimu kadhaa, na hakuna aliyelitilia shaka, baba akiwa wa kwanza. Wageni walipokuja kutazama ng'ombe, baba alikuwa akilinyooshea fimbo anasema, "Hilo ni la mama yao, mimi sina neno nalo." Alikuwa akijisifu nalo, kuonyesha kwamba haki ya mtu anaijua, hata ya mkewe.

Jumapili hiyo mama akalifunga kamba, akalitoa zizini. Baba alikuwa langoni.

"Unalipeleka wapi?"

"Mkutanoni."

"Nimeshasema sitoi."

"Wewe hutoi. Hili si lako."

Baba alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa, maana kweli sikuwa nimemfundisha. "Nani kakutuma?" akamuuliza mama, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sijatumwa." Mama alikuwa ameshapita kizingiti cha zizi, kamba begani. "Niache."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayeomba njia. Baba akasogea pembeni. Nilimwona akisogea na sikumhurumia, nikajishangaa.

Kwenye mkutano palizuka fujo. Wanaume walimwona mwanamke anaingia na kamba wakadhani baba amekubali yaishe, wakaanza kupiga makofi. Mama akasubiri yatulie, kisha akasema hakuja kwa niaba ya mtu. Mume wake ana kichwa chake na hajambadilisha. Dume hili ni lake, analitoa kwa ajili yake, na anataka katibu amwandike yeye kwenye daftari, kwa jina lake.

"Mama, hapa tunaandika kaya," katibu akasema. "Kaya yenu imeshaandikwa."

"Basi niandike chini yake."

"Haiwezekani kaya moja iwe ndani na nje."

"Mwano ukipigwa nitatoka mimi," mama akasema. "Yeye ameomba aachwe. Mwacheni."

Walibishana karibu saa mbili. Mmoja akasema mwanamke hakimbii mwano. Mwingine akamkumbusha kwamba wakiwa huko porini miaka ya kwanza wanawake walikimbia na michi. Mzee fulani akaapa kwamba hii ni dharau iliyofundishwa na shule, akanitolea macho, na mimi nilikuwa nimefunga mdomo kama nilivyoagizwa, ulimi unaniwasha. Nilikuwa na hoja sita. Hatimaye mtemi akavua koti lake la mvua, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akajifuta jasho. Akasema sheria inataka dume, na dume hili hapa. Haisemi kamba ishikwe na nani. Akamwambia katibu aandike. Katibu akaandika kwa herufi ndogo pembeni ya ukurasa, kwa kuwa mistari ilikuwa imekwisha.

Lile dume likachinjwa. Mama alikaa katikati, kama sheria inavyotaka, na wanawake wa pampuni wakamzunguka, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Walikuwa na habari za miezi miwili. Yule rafiki aliyefariki walimlilia upya, palepale, vipande vya nyama mikononi. Baba hakuja, na hakuna aliyemtumia mtu.

Jioni tulibaki tunaosha masufuria ya kijiji. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia mama kwamba alichokifanya kina historia, kwamba kuna watu wameandika mamia ya kurasa kukitafuta na hawakukifikia, kwamba mada ya klabu wiki ijayo itakuwa—

"Na wewe niache," mama akasema. "Shika upande huo wa sufuria."

Nikashika.

Baba yuko vilevile. Hasalimiwi, na ukimuuliza atakwambia hajambo. Mahindi yanasagwa kijijini kwa kuwa ndoo ni ya mama. Klabuni sikuipeleka mada ile. Vitabu sijavitupa, ninavisoma bado, lakini ninavisoma nikibishana navyo kwa sauti, mpaka mpangaji wa chumba cha pili alishaniuliza kama nina mgeni.

Mwezi uliopita nilikuwa kule siku ya Jumamosi. Saa sita mchana, mama anapika ugali, mimi nachambua mchele uani, baba anarekebisha nira kivulini mwa ghala. Mwano ukapigwa kutoka barabarani, ukapokewa na mji wa pili, ukafika kwetu. Mama aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua mchi nyuma ya mlango, akatoka mbio, mwanamke wa umri wake, na kule njiani nikasikia wanawake wenzake wakimwita kwa jina.

Baba alikuwa amesimama, nira mkononi. Akaniangalia.

"Na wewe huendi?"

"Sijaandikwa," nikasema.

Ndilo jibu lililonitoka, na lilikuwa la kweli, na sijapenda kulisikia tangu siku hiyo. Baba akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema jambo la maana. Tukabaki pale uani, watu wawili huru, tukisikiliza kelele zikienda mbali. Alitazama lango. Nilidhani anataka kutoka. Nilitamani atoke, nilitamani hata nimsukume, na najua ningekuwa nimekosa.

Harufu ya kuungua ikaanza kutoka jikoni.

"Nani sasa atamalizia huo ugali?" baba akauliza.

Niliusonga mimi, kwa hasira, na ukatoka na madonge.